Chachu Aliyoileta Mesele

Yegeme, 14 Oktoba 1996

Mwanangu Mesele,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi shangazi yako Bogalech. Mimi mzima, Mungu ashukuriwe. Tarikwa mke wa mwanangu Degu naye mzima, tumbo lake siku hizi linatangulia kuingia mlangoni, mwenyewe anafuata. Ng'ombe wawili wazima, wa tatu anasumbuliwa na mguu. Mzee Wolde jirani anakusalimu, anasema tangu urudi Addis Ababa baada ya sherehe ya Meskel hajapata wa kubishana naye. Ukimwona Degu huko sokoni, mwambie hivyo viatu anavyowauzia watu mkewe hajaviona hata jozi moja.

Sasa habari ya chachu yako. Nimefanya kama ulivyonielekeza. Tulikata migomba minne ya enseti, tukakwangua mashina yake na wanawake wenzangu, tukaifukia shimoni, na katikati nikaweka ile chachu ya kwenye kopo badala ya yetu ya kale. Ulisema itaiva upesi. Mesele, siku kumi na mbili. Ya kwetu ingetaka miezi. Na ile harufu inayowafanya watu wa mjini wazibe pua haipo. Mkate wake wa kocho ni mweupe, laini, na ukila kipande kimoja unaona umekula vitatu.

Wanawake walipoonja hawakuniachia nafasi. Mke wa Habte akasema, "Wewe mtoto wako ni mwanasayansi, sisi wetu ni wauza viatu. Tugawie." Nikawagawia. Nani ananyimwa chachu? Sasa iko katika nyumba kumi na moja.

Nilijivuna, sitaficha. Tangu mama yako afariki ukiwa na miaka minne nikakulea, watu walikuwa wakiniuliza huyu mtoto wa kaka yako anayekaa na panya na vitabu atatufaa nini. Wamejibiwa.

Barua nampa Nida, lori lake linakuja huko kila Jumamosi. Na uone, herufi za darasa la watu wazima zinazidi kunyooka.

Shangazi yako,
Bogalech


Addis Ababa, 2 Novemba 1996

Shangazi yangu mpenzi,

Nimefurahi mno kupata barua yako, na herufi zako zimenyooka kuliko za mkurugenzi wangu. Mimi mzima. Baridi ya huku imeanza. Degu nilimwona juzi, viatu vya Tarikwa anasema viko njiani, nadhani njia yenyewe ni ndefu.

Nakumbuka nyumbani kila siku, kwa hiyo nieleze yote, hata madogo. Siku hizi mnakula mara ngapi kwa siku? Mzee Wolde anamaliza sahani yake, au anaacha? Akiacha, anaacha nusu au zaidi? Tarikwa anakula vizuri na mimba yake? Na wewe, mshipi wako wa kitambaa unakuzunguka kiunoni mara ngapi? Usicheke. Mtu akiwa mbali hata mshipi wa shangazi yake huutamani.

Andika mapema.

Mesele wako


Yegeme, 20 Januari 1997

Mwanangu Mesele,

U mzima? Tumbo limepona? Ulikuja Krismasi ukakaa siku tatu, na siku zote tatu nilikupikia kocho na nyama ya siagi, nawe ukanywa kahawa tu na kutafuna shayiri ya kukaanga uliyokuja nayo mfukoni. Tarikwa alisema labda umezoea hoteli. Nikamwambia mtoto huyu hana maringo, akisema tumbo ni tumbo. Kunywa maji ya moto yenye feneli.

Tuko wazima. Senayt, mjukuu wangu, ana wiki ya nane sasa. Sijawahi kuona mtoto mpole hivi. Degu alipokuwa mchanga alikuwa akilia mpaka majirani wanakuja kuuliza tunamfanya nini. Huyu anatazama tu dari. Wanawake wanasema nimebarikiwa.

Uliuliza mshipi, nami nilicheka. Ulikuwa ukinizunguka mara tatu. Sasa mara nne, na kipande kinabaki. Wala siumwi, nina nguvu, ila sikumbuki chakula. Juzi nilishinda shambani mpaka jua likazama, nikarudi, nikalala, asubuhi ndipo nikajua kwamba jana sikula. Mzee Wolde anakula siku moja anaruka moja, na anacheka. Anasema mke wake wa kwanza angekuwa hai angefurahi, alikuwa akimnung'unikia kwa ulafi.

Wote ni hivyo, nyumba zote kumi na moja. Chakula tulichokiweka kitavuka mwaka. Tunakuombea.

Bogalech


Addis Ababa, 8 Februari 1997

Shangazi,

Tumbo limepona, asante.

Naandika kwa haraka, Nida ananisubiri. Chachu ile usimpe mtu mwingine yeyote. Je, kuna kocho ya shimo hilo iliyouzwa sokoni, au Nida aliyoichukua kwenye lori? Nijibu hilo kwanza. Sababu nitakueleza baadaye, ni mambo ya kazi.

Na Senayt ananyonya mara ngapi kwa siku? Anaamka mwenyewe kunyonya au anaamshwa?

Mesele


Yegeme, 30 Machi 1997

Mesele,

Salamu. Sokoni hatukuuza, kila mtu aliificha kama dhahabu. Umepumua?

Mzee Wolde amefariki. Tumemzika Jumanne.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mfungo Mkuu ulipoanza watu walifurahi, maana kwa mara ya kwanza haukumuuma mtu. Waumini walikuwa wakimaliza ibada ya mchana na nyuso nyepesi kama waliotoka harusini. Kasisi Abba Sahle peke yake hakufurahi. Alituambia kanisani, "Mfungo usiouma si mfungo. Kuna kitu kimeondolewa kwenu, na Mungu siye aliyekiondoa." Tulidhani ni maneno ya mahubiri.

Wiki ya pili Wolde hakutoka nje. Nilimpelekea uji wa enseti. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imelegea kama mikono ya koti aliloazima. Nikamwambia, "Mzee, kula." Akanitazama kwa upole, akasema, "Bogalech, ningekula kwa heshima yako. Lakini ni kama kumimina maji kwenye mtungi uliojaa." Nikamlisha kijiko kwa kijiko. Alimeza vitatu, akaomba tuzungumze habari nyingine. Siku nne baadaye alikuwa maiti. Mesele, nimeona watu wakifa kwa njaa nilipokuwa msichana. Macho yao hayasahauliki. Huyu alikufa kwa njaa macho yake yakiwa ya mtu aliyetoka karamuni.

Na Senayt. Tarikwa alienda mtoni asubuhi, akakutana na jamaa zake, akakawia. Alirudi jua la saa tisa akikimbia. Mtoto alikuwa macho, ametulia. Hakulia. Tulimpa ziwa akaliachia. Maziwa yenyewe yanapungua kwa sababu mama naye hali. Jana nilimfunua nikamtazama mapaja, nikamfunika upesi ili Tarikwa asione ninavyoona mimi. Nimewahi kusema mtoto huyu ni baraka. Ulimi wangu ulioze.

Wewe umesomea chakula. Hiki ni nini? Barua ijayo sitaki uniulize chochote. Nataka jibu.

Bogalech


Addis Ababa, 12 Aprili 1997

Shangazi yangu,

Poleni kwa msiba wa Mzee Wolde. Nilimpenda, unajua.

Fanyeni hivi, na msingoje. Kuleni kwa saa, msingoje hamu. Asubuhi, mchana, jioni, kila mtu, hata kama anaona tumbo limejaa. Senayt anyonyeshwe kila baada ya saa tatu, na akikataa akamuliwe kwenye kijiko. Kocho ya shimo lile iacheni kwa sasa. Kuleni shayiri, maziwa, viazi.

Hali hii tunaichunguza hapa kazini. Bado ni mapema kusema imetoka wapi. Baada ya Pasaka atakuja kwenu Daktari Yodit, mwenzangu, na gari. Mpokeeni vizuri na mjibu maswali yake.

Mimi siwezi kuja kwa sasa.

Mesele


Yegeme, 18 Mei 1997

Mesele mtoto wa kaka yangu,

Tunakula kwa kengele. Abba Sahle anaipiga mara tatu kwa siku, na watu wanatoka mashambani, wanaketi, wanatazamana, wanatafuna kama wanaolipishwa kosa. Wanaosahau anawafuata nyumbani na fimbo. Senayt tunamkamulia kwenye kijiko. Nusu inamwagika.

Daktari wako alikuja. Ni msichana mstaarabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipima watu wote uwanjani kwa mzani wa kuning'inia, akaandika. Kisha akaingia kwangu kunywa kahawa, akaweka faili lake juu ya kigoda, akatoka kwenda kumwangalia mke wa Habte aliyezimia kwenye foleni.

Sikulifungua kwa ubaya. Niliona jina la kijiji chetu juu yake, nikataka kujua kama wameliandika sawasawa. Unajua ninavyosoma, polepole, kidole kikifuata. Ukurasa wa kwanza niliona maneno haya: "Mshipi ulikuwa ukinizunguka mara tatu. Sasa mara nne, na kipande kinabaki." Yamepigwa chapa, tarehe pembeni. Chini yake, "Sikumbuki chakula." Chini yake, mjukuu wangu anatazama dari. Barua zangu zote, Mesele. Ya Wolde kuachia kijiko cha nne imo. Jina langu halimo. Wameandika Kaya ya Kwanza.

Yodit aliporudi alinikuta nimelishika. Nikamuuliza, "Binti, hiki ni nini?" Akasema, "Mama, si mlikubali? Imeandikwa kaya zote zilieleweshwa zikakubali." Nikamwambia, "Nani alikubali?" Akageuza kurasa mpaka mwisho, akanionyesha. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina sahihi. Jina langu limetiwa sahihi kwa herufi zilizopinda, kama ninavyoandika mimi. Umejitahidi. Ila mimi katika jina langu kuna herufi moja niliyofundishwa vibaya darasani nikakataa kusahihishwa. Wewe umeiandika sawasawa.

Binti yule alikaa chini akashika kichwa. Nadhani naye alidanganywa. Nilimmiminia kahawa ya pili.

Alipoondoka ndipo nikakumbuka Krismasi. Siku tatu uliketi kwenye moto wangu ukasema tumbo linauma. Ulijua. Nilikuwa nakuwekea kocho mbele yako, mimi naila, Tarikwa anaila, na kidole chake chenye siagi anamlambisha mtoto, nawe unatutazama na shayiri yako mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nguo yenyewe nilikushonea mimi.

Nimewaambia majirani. Nilikwenda nyumba zote kumi, moja baada ya moja, nikasema: nilichowapa kwa mkono wangu ndicho kinachotumaliza.

Bogalech


Addis Ababa, 1 Juni 1997

Shangazi yangu,

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, na sikuketi mpaka nilipoimaliza.

Uliyoyaona ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka wa njaa kubwa nilikuwa mwanafunzi, nikapelekwa kaskazini kambini kugawa nafaka. Sikuwahi kukusimulia. Nafaka ilikuwa njiani, wiki moja tu, na watoto walilia wiki nzima. Sauti ile sikuweza kuivumilia. Nikaapa nitatafuta kitu cha kuizima njaa isiume, mtu avumilie mpaka chakula kifike. Ndiyo chachu. Ndani yake kuna kijidudu tulichokibadilisha sisi, kikiingia tumboni kinauambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Kilitakiwa kufa baada ya siku tatu. Kwenye chupa kilikufa. Tumboni mwa watu kimekaa.

Kuhusu sahihi, mkurugenzi alizitaka kwa wiki moja. Niliona ningekuuliza ungekubali. Uliwahi kunikatalia nini, shangazi?

Sasa nisikilize. Dawa ipo. Taasisi yetu iko tayari kuleta dozi za watu wote wa nyumba kumi na moja. Wanataka tu wazee watie dole gumba kwenye karatasi niliyoiambatanisha hapa, kwamba huu ni ugonjwa wa tumbo uliotokea wenyewe na kwamba taasisi imekuja kusaidia. Ni wino kidogo. Wewe wazee wanakusikiliza. Waambie.

Mesele


Yegeme, 10 Juni 1997

Mesele,

Unasema wazee wananisikiliza. Ngoja nikwambie wanavyonisikiliza. Nikisalimia wanaitika wakitazama chini. Hakuna anayepokea kitu mkononi mwangu, hata maji. Tarikwa amehamia kwa mama yake na mtoto. Hakunigombeza. Alifunga nguo zake, akasema, "Mama, si kwa ubaya," akaondoka. Ningependa angenigombeza.

Mashimo yote tumeyafukua. Kocho tumeichoma na majani yaliyoifunika, moshi ulikaa bondeni siku mbili. Lakini bila chachu mgomba ni mti tu, na ya kale tuliiacha ife tulipopata yako. Aliyebaki nayo ni Zerfe wa ng'ambo ya mto. Mimi na Zerfe hatujasemezana miaka tisa, tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Nilikwenda. Alinisimamisha langoni, mikono kiunoni.

Akasema, "Leo mto haujajaa, eti?"

Nikasema, "Nimekuja kuomba chachu."

"Si mnayo ya mtoto wa Addis Ababa, nyeupe kama pamba? Walinikejeli nayo sokoni mwezi mzima."

Nikamwambia yote, hapohapo langoni, binti zake wakisikia. Sikukuficha. Zerfe akaingia ndani akatoka na donge limefungwa kwenye jani, akaliweka juu ya jiwe, hakunipa mkononi. "Hii inanuka," akasema. Nikainusa nikalia. Sikulia kwa Wolde wala kwa Senayt, nililia kwa uvundo wa chachu.

Sasa karatasi yenu. Niliwasomea wazee. Habte alisimama. Binti yake Wubit, mwenye miaka mitano, hatembei tena, wanamgeuza kitandani. Akasema, "Nitatia dole gumba, nitatia na la mguu, waleteni." Wengine wakasema wakitia leo, kesho chachu ile itapelekwa kijiji kingine na karatasi yetu itakuwa shahidi kwamba haina dhara. Wamegawanyika, hawajaamua.

Mimi nataka kitu kimoja kwako, wala si kikubwa. Andika kwa mkono wako ulijua nini, na ulijua lini. Utie sahihi yako, si ya mtu mwingine. Nida atakupa barua hii Jumamosi. Jumamosi inayofuata atakuwa huko tena. Mtoto wa Habte hana Jumamosi nyingi.

Bogalech


Addis Ababa, 5 Julai 1997

Shangazi,

Nimekaa na barua yako. Niliandika tano nikazichana.

Mimi, Mesele, nilijua haya. Tarehe kumi na moja Desemba mwaka jana panya wetu walianza kufa. Walikufa chakula kikiwa mbele yao, arobaini na wawili kati ya hamsini. Nilimwambia mkurugenzi. Alisema panya si watu, tungoje barua zinazokuja kutoka Yegeme. Nikangoja. Kwenye ripoti niliandika panya walikufa kwa baridi.

Krismasi nilikuja kukwambia. Nilifika nikawakuta mnacheka, Wolde anacheza na mtoto, nawe ukasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyewafuta machozi. Nikasema nitakwambia kesho. Siku ya tatu nikasema nitaandika. Tangu hapo kila siku iliyopita iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Na hili ndilo lililonifanya nichane barua. Dawa si ya taasisi. Ni vidonge vya kawaida vya vijidudu vya tumbo, vile vya njano, duka lolote la dawa la mjini Welkite linavyo. Mwezi Januari tulivijaribu kwa panya wanane waliobaki, wakaanza kula tena. Jina na kipimo nimeandika nyuma ya karatasi hii, kwa watu wazima na kwa watoto, siku kumi na nne. Msitie dole gumba popote.

Barua hii wasomee wote. Najuta kwa kila nilichofanya, na kesho naacha kazi. Natumaini Wubit anaendelea vizuri.

Mesele


Yegeme, 21 Septemba 1997

Mesele,

Wubit alifariki tarehe ishirini na tisa Juni, Jumapili, baada ya ibada. Barua yangu ulikuwa nayo siku ishirini na moja. Alikufa siku ya kumi na tano. Baba yake alikuwa amekwisha kutia dole gumba peke yake, akampa Nida karatasi aipeleke. Hakuna aliyeleta kitu.

Barua yako niliisoma mwenyewe mbele ya mkutano, uwanjani, nimesimama. Sikumpa mwingine asome. Nilipofika kwenye vidonge vya njano Habte aliniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Aliijua dawa hiyo tangu lini?" Nikamwambia, "Tangu Januari." Alitikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayekubaliana na jambo, akaenda akatandika nyumbu, akashuka Welkite. Ndiye aliyekwenda, Mesele, mfiwa, kuwanunulia watoto wa wenzake. Alisimulia aliporudi kwamba mwenye duka alichukua kopo kwenye rafu bila kupanda hata ngazi.

Siku ya tisa ya dawa nilikuwa shambani nakata majani. Nilisikia mtoto analia ng'ambo, kwa mama yake Tarikwa. Kilio kikali, cha hasira, kama cha anayechinjwa. Wanawake walitoka majumbani na unga mikononi wakasimama wanasikiliza. Tarikwa alichelewa kumpa ziwa makusudi, alikiri kwangu baadaye, alitaka kumsikiliza kidogo. Sasa Senayt ana mashavu, na anauma.

Njaa imewarudia wengi. Wazee watatu haikuwarudia, na mimi mmoja wao. Kengele bado inapigwa kwa ajili yetu. Nakula ikilia. Chachu ya Zerfe imeshika vizuri, mashimo mapya yananuka kama zamani, na Zerfe huja kuyakagua kana kwamba ni yake, ananikosoa, nami namwachia. Wiki iliyopita alikula kwangu. Alikuwa wa kwanza. Baada yake akaja mke wa Habte, akapokea kikombe mkononi mwangu, akakaa nacho muda mrefu bila kunywa, kisha akanywa.

Wazee waliamua hawatakushtaki mjini, kwa sababu mjini ni kwenu. Waliamua uje usimame pale niliposimama mimi, ujibu utakaloulizwa. Degu alikuletea ujumbe mwezi wa Agosti. Anasema umeacha kazi kweli, umejifungia chumbani mwako, na kwamba ulimsikiliza ukamshukuru ukafunga mlango. Yodit amekuja mara mbili, kwa basi, bila gari la taasisi. Amepeleka barua yako na majina yetu halisi kwenye gazeti. Sijui wataandika au hawataandika. Yeye anakuja.

Kesho kutwa nyumba zitaanza kujaa watu wa Meskel. Watu watauliza mtoto wa Bogalech yuko wapi, nami sijui nitawajibu nini.

Jana nilizitoa barua zako zote nikazisoma tangu ya kwanza, kidole kikifuata, kwa sababu kulikuwa na jambo sikuwa na hakika nalo. Umeeleza, nimeona. Umeungama, na uliungama vizuri kuliko nilivyotegemea. Umejuta. Lakini kuniomba radhi hukuniomba. Si mimi, si Habte, si mahali popote. Nilirudia mara ya pili nikidhani nimeruka mstari.

Usiniandikie. Lori la Nida huku linakuja kila wiki, na njia unaijua.

Bogalech